Igizo la lugha mbili si igizo moja linalosemwa mara mbili

Mhariri,

Shule nyingi zinazofundisha kwa Kiswahili na Kiingereza zina kikundi cha maigizo na ushairi, na nyingi zimeshikwa na mtindo uleule: mwanafunzi anasema maneno yake kwa Kiingereza, kisha yeye au mwenzake anayarudia kwa Kiswahili, ili kila mtu ukumbini aelewe. Nia ni njema. Lakini igizo la dakika 20 linachukua dakika 40, na mwenye kujua lugha zote mbili, yaani wanafunzi wenyewe waliojaa ukumbini, anasikia kila jambo mara mbili. Kichekesho kikirudiwa hakichekeshi, na tishio likirudiwa halimtishi mtu. Anayeumia zaidi ni mwigizaji. Akishaulizwa swali, inabidi angoje tafsiri ipite ndipo ajibu. Katika kungoja huko uso unapoa, mikono inakosa kazi, na jibu linatoka kama la mtu anayesomewa imla. Tunaandika kuwaomba walimu waachane na mtindo huu, na kueleza ni nini kinachoweza kushika nafasi yake.

Jukwaani kila lugha ipewe kazi ambayo ile nyingine haifanyi. Tafsiri ina nafasi yake kubwa, nasi tutaifikia, lakini nafasi hiyo ni mazoezini.

Pa kuanzia pepesi ni kumpa kila mhusika lugha yake. Chukua onyesho la watu watatu: bibi anayesema Kiswahili tu, daktari anayesema Kiingereza tu, na mjukuu aliye kati yao anayezijua zote mbili. Mkalimani hapa hakuwekwa kuwasaidia watazamaji. Ni mhusika mwenye hofu yake na hila zake. Daktari anaeleza kwa sentensi nne au tano, uso mzito, kwamba ugonjwa umeenea. Mjukuu ananyamaza kidogo.

— Amesemaje?
— Anasema upumzike, bibi.
— Maneno yote yale, kupumzika tu?
— Na… na unywe maji mengi.

Asiyejua hata neno moja la Kiingereza amekwisha kutambua kwamba bibi anafichwa jambo, na amelitambua kwa njia ileile aliyolitambua bibi. Anayezijua lugha zote mbili ameishika siri na anaibeba pamoja na mjukuu. Hakuna neno lililorudiwa. Ila lazima maelezo ya daktari yawe marefu kweli, sekunde 20 hadi 30, na jibu la mjukuu liwe fupi kweli. Wanafunzi wana tabia ya kurefusha jibu ili mjukuu apate maneno mengi ya kusema, na hapo ule upungufu unaobeba maana yote ya onyesho unafutika. Tena daktari amtazame bibi anapozungumza, si mjukuu. Akimtazama mjukuu, bibi anabaki pembeni kama samani na onyesho linakuwa la watu wawili.

Njia nyingine ni kugawa lugha kwa mahali: nyumbani lugha moja, ofisini nyingine, na mhusika akikosea mahali pa kuitumia hilo liwe tukio katika msuko, lenye matokeo. Au kuweka mtambaji anayesimulia kwa lugha moja ilhali wahusika wanaongea kwa nyingine. Mtambaji huyo aseme yale ambayo wahusika hawayasemi, kama vile muda uliopita, wanachokifikiria, au kitakachowapata kesho. Akianza kueleza yale ambayo tumetoka kuyaona, mpunguzieni maneno bila huruma.

Kuna wasomaji wako, Mhariri, watakaopinga kuchanganya ndimi katika sentensi moja. Sisi tunaona kwamba katika igizo la maisha ya leo mhusika aongee kama watu wa aina yake wanavyoongea, kwa sharti moja: mwandishi aweze kueleza kwa nini mhusika amehama lugha pale alipohama. Amehama kujitutumua? Kumtenga mtu wa tatu? Kuficha aibu? Kama sababu ni kwamba mwanafunzi aliyeandika hakulijua neno, basi akalitafute. Katika shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za kijadi, hatulegezi: beti zikae katika lugha moja, kwa sababu mizani (hesabu ya silabi) na vina (silabi za mwisho zinazofanana) haviwezi kutumikia mabwana wawili.

Sasa ugawaji wa nafasi, ambao ndio unaoharibu vikundi vingi kimyakimya. Mara nyingi wenye Kiingereza chepesi hupewa wafalme, mawakili na madaktari, na wenye Kiswahili chepesi hupewa watumishi, walevi na wachekeshaji. Baada ya mihula miwili shule nzima imejifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba lugha moja ni ya heshima na nyingine ni ya kuchekesha. Igeuzeni makusudi: jaji aseme Kiswahili sanifu, tena chenye uzito wa mahakamani, tapeli wa mjini aseme Kiingereza. Na kila mwanafunzi apewe walau theluthi moja ya maneno yake katika lugha anayoiona ngumu, lakini pale penye hasira kali au kilio aachiwe lugha iliyo nyepesi kwake, angalau katika igizo lake la kwanza. Mtu anayetafuta neno kichwani hawezi kulia.

Aliye mgeni kabisa katika lugha mojawapo asigeuzwe mti wala askari asiyesema. Aanze na kiitikio pamoja na wenzake watano au sita, kisha apewe sentensi fupi tatu au nne zinazojirudia katika onyesho. Igizo la kusoma linamfaa pia: wasomaji wanne hadi sita wamekaa nusu duara, maandishi mkononi, kwa dakika tano hadi saba. Karatasi ishikwe chini ya kidevu, kwa mkono mmoja, na macho yapande kila mwisho wa sentensi. Bila zoezi hili la macho watazamaji wataona vichwa vilivyoinama tu.

Kuhusu kukariri, mtoto anaweza kushika ukurasa mzima wa sauti asizozielewa, na atakachotupatia jukwaani ni hizo sauti. Hapa ndipo tafsiri inapofanya kazi yake. Kabla hajaanza kukariri, mwigizaji aeleze kila sentensi yake kwa maneno yake mwenyewe katika lugha ile nyingine. Akishindwa, sentensi hiyo haijawa tayari kukaririwa. Ifafanuliwe, au irahisishwe. Zoezi hili kwa onyesho la kurasa tatu linachukua kipindi kimoja, na linaokoa vipindi vitatu vya mbele vya kumkumbusha maneno yanayomponyoka.

Muhula wa wiki 12, wenye vipindi viwili kwa wiki vya dakika 60 hadi 75, unatosha kwa igizo la dakika 15 hadi 20 lenye waigizaji 12 hadi 15. Wiki mbili za kwanza ni za sauti, mwili na michezo ya kuaminiana. Wiki ya tatu na ya nne ni za kuigiza papo kwa papo kutokana na hali mliyoichagua. Rekodini kwa simu, kisha andikeni yaliyosemwa, mkiangalia ni lugha gani ilijitokeza yenyewe na wapi. Mwisho wa wiki ya tano maandishi yafungwe. Hili tunalisisitiza kwa sababu ndilo linaloangusha maonyesho mengi kuliko uhaba wa vifaa: mwalimu anaendelea kuongeza vichekesho hadi wiki ya kumi, na siku ya onyesho nusu ya waigizaji wanasema maandishi ya zamani na nusu ya sasa. Wiki ya sita hadi ya nane ni za kupanga mienendo jukwaani; ya tisa karatasi zinaachwa; ya kumi na ya kumi na moja igizo linapitishwa lote bila kusimamishwa, la mwisho likiwa na maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Ukurasa mmoja wa mazungumzo yaliyochapwa ni kama dakika moja jukwaani, kwa hiyo ukiona kurasa 30 mezani, kata.

Kipindi kianze na dakika 10 za pumzi na matamshi. Vuteni pumzi kwa hesabu ya nne, itoeni kwa sauti ya s nyembamba kwa hesabu ya 12. Kufikia mwisho wa muhula wengi hufika 20. Mabega yasipande. Kisha irabu tano za Kiswahili, moja moja, mdomo ukifunguka kweli, halafu konsonanti zinazowasumbua: dh, th, gh, na l dhidi ya r. Kwa upande wa Kiingereza kasoro ni nyingine: konsonanti za mwisho humezwa, au hupachikwa irabu isiyokuwapo. Mwalimu asimkatize mwigizaji katikati ya onyesho ili kumsahihisha tamshi. Aandike, na mwisho wa kipindi ataje makosa matatu tu kwa kila mmoja. Hakuna anayerekebisha makosa tisa kwa siku.

Tukija kwenye ushairi, walimu wengi huanza kwa kutafsiri: shairi la Kiswahili ligeuzwe Kiingereza, au kinyume chake, mizani na vina vikiwa vilevile. Haiwezekani, na wanafunzi huondoka wakidhani wao ndio dhaifu. Ushairi wa Kiswahili wa arudhi huhesabu silabi. Ule wa kijadi wa Kiingereza hutegemea mapigo ya mkazo, na mstari wake maarufu ni wa silabi 10 zenye mkazo mara tano. Maneno mengi ya kawaida ya Kiingereza yana silabi moja, ilhali kitenzi kimoja kama nitakapokuona tayari kimekula mizani 7. Kipande cha mizani 8 kwa hiyo hubeba maneno mawili hadi manne. Tena vina vya Kiswahili vinapatikana kwa wepesi kutokana na viishio vya vitenzi na vya mahali; Kiingereza hakina wepesi huo. Anayetafsiri achague kitu kimoja cha kuvusha, ama picha, ama hoja, ama kibwagizo (mstari unaorudiwa kila ubeti), na vingine aviache. Au afanye tunachokiona kuwa bora zaidi: aandike mashairi mawili juu ya jambo moja, kila moja kwa kanuni za lugha yake.

Kuhesabu mizani kufundishwe kwa makofi kabla ya kalamu. Wanafunzi waliozoea silabi za Kiingereza watapiga daktari makofi matatu. Ni manne, da-k-ta-ri. Jukwaani ni manne pia, ju-kwa-a-ni, na maana ni matatu. M ndiyo inayowachanganya: mpira ni mizani tatu kwa kuwa m inasimama peke yake, mbali ni mbili kwa kuwa m imeungana na b, lakini mbu ni mbili kwa sababu neno lenyewe ni fupi na m inalazimika kusimama. Wakishalipigia makofi kila neno la ubeti mmoja bila kubishana, ndipo waandike. Huu hapa ubeti wa tarbia, yaani wa mishororo (mistari) minne, tuliouandika kwa ajili ya zoezi hilo:

Upandapo jukwaani, sauti yako ifike,
Kwa aliye mlangoni, neno lote alishike,
Pumzi toka tumboni, taratibu itumike,
Ukikimbiza maneno, maana itatoweka.

Kila mshororo una ukwapi, yaani nusu yake ya kwanza, wa mizani 8, na utao, yaani nusu ya pili, wa mizani 8. Neno pumzi ndilo mtego: wanaolipigia makofi mawili watapata mizani 7 na kudai mshororo umepungua, kumbe ni pu-m-zi.

Katika kulisema shairi kama hili kuna kasoro moja inayopatikana karibu kila shule. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini kina hukaa kwenye silabi ya mwisho. Msomaji anaposema -fike, nguvu inaangukia fi, na ke inabaki bila msaada, tena mwishoni mwa mizani 16, pumzi ikiwa imekwisha. Matokeo ni kwamba mwandishi alihangaika kupanga vina na msikilizaji hakusikia hata kimoja. Dawa ni kuvuta pumzi fupi baada ya ukwapi, kwenye mizani ya 8, na kuishikilia irabu ya mwisho ya utao kidogo kuliko nyingine. Kughani, yaani kulisema shairi kwa mahadhi, hufanya hivyo kwenyewe, kwa kuwa mahadhi huirefusha silabi ya mwisho. Ndiyo maana mwanafunzi aghani kwanza, hata kama onyesho lenyewe litakuwa la kusema. Afanye mazoezi kwa kurudi nyuma: mshororo wa nne peke yake, kisha wa tatu na wa nne, hadi ubeti mzima. Anayeanza juu kila mara huujua mshororo wa kwanza kwa uhodari na wa nne kwa kubahatisha, na wa nne ndio kituo, yaani mshororo wa kufungia ubeti.

Kwa kikundi kikubwa utenzi unafaa kuliko tarbia. Ubeti wake una vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya kwanza vina kina kimoja na cha nne hubeba kina kinachopita katika utenzi mzima, kwa hiyo wanafunzi 20 wanaweza kuandika beti 20, kila mmoja wake, na ukasikika kama kazi moja. Kubalianeni kina hicho cha nne kabla ya kuanza, na kiwe chepesi kama -a au -ia.

Ngonjera ndiyo daraja la asili kati ya ushairi na tamthilia, na inasikitisha kuona inavyotendewa. Mathias Mnyampala aliikuza katika miaka ya 1960 kama majibizano ya kishairi: pande mbili zinabishana na mwishoni zinafikia muafaka. Leo katika shule nyingi imekuwa safu ya watoto wanaopaza sauti kwa mgeni rasmi, mkono ukipanda kwenye ukwapi na kushuka kwenye utao, ubeti baada ya ubeti, wala hakuna anayebishana na mtu. Wageuzeni watazamane. Kila upande uanze ubeti wake kwa maneno yaliyomalizia ubeti wa mpinzani, kama washairi wafanyavyo katika pindu. Hapo kila mmoja atalazimika kumsikiliza mpinzani wake, la sivyo hana pa kuanzia. Ishara za mikono zipigwe marufuku wiki mbili za kwanza, kisha zirudi zile tu zinazotokana na hoja. Na muafaka wa mwisho usiandikwe kabla mabishano hayajaandikwa. Ukitangulia, upande mmoja hupewa hoja za kijinga ili ushindwe mapema.

Kwa shule inayotaka kuonyesha jinsi kazi moja inavyoishi katika lugha mbili, tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ni chaguo zuri: ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1969, na toleo la Kiingereza alilitayarisha mwandishi mwenyewe. Wanafunzi waweke onyesho moja la toleo moja kando ya lile la toleo jingine na wasome kwa sauti, wakitafuta mahali ambapo mwigizaji atapumua tofauti.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Mabenchi mawili, viti vinne na vitambaa vya rangi moja vinatosha kwa takribani kila onyesho. Kipaza sauti kimoja kilichosimikwa katikati ya jukwaa ni adui: waigizaji hukipangia foleni, hakuna anayekaa, hakuna anayekimbia, na wanaogombana wanasimama bega kwa bega wakiongea na chuma. Kwa watazamaji wasiozidi 100, pangeni viti nusu duara, safu nne au tano, na msitumie kipaza sauti kabisa. Mwalimu akae safu ya nyuma katika mazoezi yote ya wiki tatu za mwisho na ainue mkono kila asiposikia.

Mahali pa mashindano, waamuzi wapime kusikika, kueleweka, kumsikiliza mwenzako na, kwa ushairi, urari wa mizani. Lafudhi isipewe alama katika lugha yoyote ile.

Na kwako, Mhariri, tuna ombi moja la kiufundi. Unapochapa mashairi ya wanafunzi, safu nyembamba za gazeti hukata mshororo wa mizani 16 popote nafasi inapokwisha, mara nyingi katikati ya utao, na mwanafunzi anayejifunza kwa kukutazama anaona vina vikiwa vimetawanyika. Tafadhali, shairi la namna hiyo likatwe kwenye mizani ya 8, ukwapi juu na utao chini yake ukisogezwa kulia kidogo, na nafasi ya mstari mmoja iachwe kati ya ubeti na ubeti. Ubeti wa tarbia utachukua mistari minane mifupi, na utaenea katika safu moja bila shida.

Wenu,
Walimu wa fasihi na maigizo